Jua na mwezi vikipatwa, tuambie watoto nini?

UKURASA WA WAZAZI NA WATOTO



Siku ya Yenga tarehe 7 mwezi wa 9, 2025, mwezi ulitoka mashariki ukiwa munene na mweupe sawa sahani. Kufika 18h27 ukaanza kuliwa upande mumoja. Kufika 19h30 wote ulikuwa ndani ya kivuli, na rangi yake ilikuwa ya shaba. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji muntu wa kutufundisha rangi ya shaba. Ukabaki vile dakika 82, mpaka 20h52, kisha weupe ukarudi pole pole. Karibu 22h00 ulikuwa muzima tena.

Magaribi ile watoto waliuliza. "Mama, mwezi iko inakufwa?" "Papa, banasema ni damu, ni kweli?" Na katika nyumba nyingi jibu lilikuwa moja tu: "Ingia ndani, lala!" Mutoto akaingia, akajifunika blanketi mpaka kichwa, na woga wake akalala nao. Kesho yake hakuna aliyemufasiria kitu. Basi mwezi huu tuongee jambo hili, ili siku ingine ikifika papa na mama wawe na neno la kusema.

Tuanze na kidole. Muko Lubumbashi, munaujua ule mulima mweusi wa takataka za shaba, karibu na shimini ndefu. Muko Kolwezi, muna milima ya mawe yaliyotolewa katika karyeri. Mupeleke mutoto mbali kidogo, umwambie afunge jicho moja, na mbele ya jicho la pili aweke kidole gumba. Mulima wote umepotea! Kidole kimeshinda mulima? Hapana, kidole kiko karibu, mulima uko mbali. Jua nalo ni pana karibu mara 400 kuliko mwezi. Lakini pia liko mbali na sisi karibu mara 400 kuliko mwezi. Kwa sababu hiyo, kwa macho yetu vyote viwili vinaonekana ukubwa sawasawa, na mwezi, ule mudogo, unaweza kusimama mbele ya jua na kulifunika. Hapo tunasema jua limepatwa.

Mwezi kupatwa ni kinyume chake. Hapo dunia yetu ndiyo inaingia katikati, na kivuli chake kinaangukia mwezi. Mutoto wa miaka saba anaweza kushika hayo mawili, akionyeshwa kwa mikono.

Wapapa wanaoshuka shimoni wanayo ile taa ya kichwa. Siku moto imekatika nyumbani (na inakatika, tunajua sisi wote), iwekeni juu ya meza, ichome upande mumoja. Hiyo ni jua. Kamateni bukari kidogo, mulifinyange tonge la kama santimetre 2, mulichome juu ya kijiti. Huo ndio mwezi. Kichwa cha mutoto ndicho dunia. Mutoto ashike kijiti, anyooshe mukono, aangalie taa: akipitisha tonge mbele ya jicho, taa inafichwa. Ni jua limepatwa. Sasa ageuke, agawie taa mugongo. Tonge mbele yake linawaka jeupe, sababu mwangaza unapita juu ya kichwa chake: ni mwezi munene wa katikati ya mwezi. Ashushe mukono kidogo, tonge liingie katika kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Limezimika! Ni mwezi umepatwa. Watoto watalazimisha warudilie mara kumi. Muwaache warudilie, ni masomo yale.

Mutoto mwenye akili atauliza hivi: "Sasa, kama mwezi inazunguka kila mwezi, juu ya nini haipatwe kila mwezi?" Wakubwa wengi wanakwama hapo. Kamata chungwa la santimetre 8, useme hii ni dunia. Tonge lile la santimetre 2 ni mwezi kwa kipimo kile kile. Unafikiri umbali kati yao ni gani? Watoto wengi watasema kiganja kimoja. Hapana, ni karibu metre 2 na nusu, upana wa chumba kidogo! Na jua, kwa kipimo hicho, ni tufe la karibu metre 9, refu kuliko nyumba ya etaji, liko karibu kilometre moja toka pale muliposimama. Chungwa linatupa kivuli chake, na kivuli hicho kinaenda kikipungua. Pale tonge lilipo, upana wake ni karibu santimetre 6 tu. Na njia ya mwezi imeinama kidogo, digri 5 hivi. Ndiyo maana tonge letu mara nyingine linapita santimetre 20 juu ya kivuli, mara nyingine santimetre 20 chini yake. Linakosa. Mara chache tu katika mwaka mwezi unakuwa munene ao unakuwa mupya wakati ule ule unapokata ile njia sawasawa, ndipo tunaona jambo.

Na ile rangi ya shaba? Katika inchi yetu mwezi wa 8 na wa 9 ni wakati wa kuchoma majani. Moshi unajaa, na jua la magaribi linashuka jekundu sana, mutu anaweza kufikiri ni kaa la moto. Hewa, na vumbi, na moshi, vinatawanya mwangaza wa buluu, mwekundu ndio unapita. Sasa fikirini: mwezi ukiwa ndani ya kivuli cha dunia, mwangaza pekee unaoufikia ni ule uliopita pembeni pembeni katika hewa inayozunguka dunia yote. Ni kusema, ule wekundu ni mwangaza wa mapambazuko yote na magaribi yote ya dunia kwa saa ileile, yameangukia mwezi. Si damu. Mimi naona ni jambo zuri kuliko hadithi ya damu, na watoto wanalipenda hivyo.

Kuangalia mwezi uliopatwa hakuna hatari hata kidogo. Mutoto mudogo aangalie, nkambo aangalie, mama mwenye mimba aangalie, hakuna kitu kitakachomupata mutoto wake tumboni. Chakula nacho hakiharibike.

Jua ni mambo mengine, na hapa ninaomba wazazi wasome pole pole.

Tarehe 1 mwezi wa 9, 2016, kuelekea saa tano ya asubuhi, jua lilipatwa katika Kongo yetu. Mwezi ulikuwa mbali kidogo kuliko kawaida, haukulifunika lote, na wale waliokuwa katika njia yenyewe, toka Gabon, kupita Kongo, mpaka Tanzania, waliona jua sawa pete. Huku kusini tuliona limebaki kipande. Kabla yake, tarehe 21 mwezi wa 6, 2001, karibu saa tisa ya mchana, Lusaka, ngambo ya Kasumbalesa, ilikuwa giza kamili zaidi ya dakika 3, na kwetu jua liliumwa sehemu kubwa. Siku kama hizo utaona mitaani kila namna: mumoja ameshika filme ya radio ya hospitali, mwingine kioo alichokitia masizi ya mushumaa, mwingine lunete nyeusi za soko, mwingine ameinamia beseni ya maji. VYOTE HIVYO HAVILINDE MACHO. Vinapunguza mwangaza unaouona, lakini miale mingine isiyoonekana inapita vilevile, na mutu anaangalia kwa muda murefu kwa sababu haumizwi.

Na hilo ndilo neno kubwa: haumizwi. Watoto wanajua kioo cha kukuza, wamekwisha kuchoma nacho karatasi kwenye jua. Ndani ya jicho kuna kioo cha namna hiyo, na nyuma yake kuna ngozi nyembamba sana inayopokea picha. Ngozi ile haina mishipa ya kusikia maumivu. Inaungua kimya. Mutoto anarudi nyumbani akicheka, na kisha masaa mengi, ao kesho yake, anaona doa jeusi katikati ya kila kitu. Anaangalia uso wa mama yake, anaona masikio na nywele, uso hauko. Anaangalia ubao wa darasa, herufi anayoitafuta ndiyo inayokosekana. Wengine wanapona pole pole kwa miezi, wengine doa linabaki maisha yote, na hakuna dawa iliyohakikishwa. Macho ya watoto yanapitisha mwangaza zaidi kuliko ya wakubwa, kwa hiyo wao ndio wa kulindwa kwanza.

Watu wengine wanasema siku ile jua linatoa sumu. Si kweli. Jua ni lile lile la kila siku. Siku zote haturuhusu macho kulitazama kwa sababu linang'aa sana, tunageuka wenyewe. Siku limepatwa, mwangaza umepungua, tamaa ya kutazama imekuja, na kipande kidogo kinachobaki kinachoma sawa zamani. Kwa hiyo kufungia watoto ndani, madirisha na mapazia, si lazima. Wanaweza kucheza inje, kuchota maji, kwenda sokoni. Kitu kimoja wasifanye: kuinua macho kulitazama bila kinga ya kweli.

Kinga ya kweli ni gani? Kuna lunete za karatasi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye alama ya ISO 12312-2, na zisiwe na mukwaruzo wala tundu. Na hapa kwetu kuna jambo lingine. Papa anayefanya kazi katika atelie analeta nyumbani kile kioo cheusi cha wanaochomelea vyuma, na kambi yote inapanga mustari. Papa, soma kwanza namba iliyoandikwa kwenye kioo. Mara nyingi katika atelie ni 10 ao 11. HAITOSHI. Inayofaa kwa jua ni namba 14. Kama namba haisomeki, ukirudishe katika mask yako. Na usiweke lunete hizo mbele ya jumeli ao aparei ya picha na kutazama ndani, vioo vyake vinakusanya moto wa jua na kuutoboza.

Lakini njia ninayoipenda mimi haiombi franka hata moja, na mutoto anatazama kwa kugawia jua mugongo. Kamateni karton, mukate dirisha kidogo, mufunike na karatasi ya aluminium, mutoboe tundu moja kwa sindano. Simama, jua likiwa nyuma yako, uache mwangaza upite katika tundu uangukie karatasi nyeupe. Utaona kaduara kadogo ka mwangaza. Hako kaduara si umbo la tundu, ni picha ya jua lenyewe! Kwa umbali wa metre moja upana wake ni karibu milimetre 9. Jua likianza kuliwa, kaduara nako kanaliwa, mbele ya macho ya watoto wote kwa mara moja. Angalisho moja: mutu asichungulie jua kupitia tundu. Tunaangalia karatasi, hatuangalie tundu.

Hamuna karton? Nendeni chini ya muembe. Kati ya majani muna matundu mengi madogo, na kila tundu linafanya kazi ile ile. Chini, katika vumbi, mutaona vipande mia na mia vya jua, vyote vimepindika sawa ndizi. Chujio la jikoni linafanya vile vile. Mwalimu akipeleka darasa lake chini ya muembe siku ile, watoto hawatasahau mpaka uzee.

Sasa swali ambalo makatekista wanalijua. Watoto wamesikia katika habari ya mateso kwamba giza liliingia inchi yote Yesu aliposulubiwa, na wanauliza: "Ilikuwa jua kupatwa?" Musiwajibu haraka haraka ndiyo. Pasaka ya Wayahudi inaangukia wakati mwezi ni munene. Mwezi munene ni kusema mwezi uko upande mumoja wa dunia na jua upande wa pili, mumekwisha kuliona kwa taa na tonge la bukari. Jua linaweza kupatwa tu wakati wa mwezi mupya, yaani wiki mbili kabla ao kisha. Tena Injili inasema giza lilidumu toka saa sita mpaka saa tisa, na giza kamili la jua kupatwa haliwezi kupita karibu dakika 7 na nusu mahali pamoja. Basi wanaotafuta kufasiria giza la Ijumaa ile kwa hesabu ya mwezi wanagonga ukuta. Mutoto aliyefahamu hilo amefahamu hesabu ya mbingu, na Injili haikupoteza kitu.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1504, Cristoforo Colombo alikwama katika kisiwa cha Jamaica, mashua zake zimeoza, na wenyeji walichoka kumupa chakula. Yeye alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota, akaona kwamba tarehe 29 mwezi wa 2 mwezi utapatwa. Akawaambia wakubwa wa kisiwa kwamba Mungu amekasirika juu yao na ataonyesha alama mbinguni. Mwezi ukawa mwekundu. Watu wakalia, wakaleta chakula. Vitabu vingi vinasimulia habari hii sawa akili kubwa. Kwangu ni haya tupu: mutu mumoja alikuwa na kalenda, wengine hawakuwa nayo, akatumia jina la Mungu kuwala.

Na leo? Mwezi ukiwa mwekundu, kuna anayesimama na kipaza sauti na kusema ameoteshwa, mwisho uko mulangoni, leteni sadaka ya kujikinga. Kijana, umuulize kwa heshima: kama uliona katika ndoto, mbona tarehe na saa ziliandikwa miaka mingi mbele? Wanasayansi wanaandika dakika yenyewe, na haikosekane. Mwaka 1919, tarehe 29 mwezi wa 5, walijua kabisa kwamba kivuli kitatoka Amerika ya Kusini, kivuke bahari, kipite kisiwa cha Príncipe na Kongo yetu mpaka Musumbiji. Mwingereza Arthur Eddington alienda Príncipe kungojea, akapiga picha za nyota karibu na jua lililofunikwa, na wenzake walikuwa Sobral kule Brazil. Picha zile ndizo zilionyesha kwamba mwangaza wa nyota unapindika ukipita karibu na jua, kama Albert Einstein alivyohesabu.

Neno kwa vijana: musicheke nkambo. Kama anasema zamani walipiga ngoma na sufuria mpaka mwezi urudi, keti karibu naye, umuulize walisema nini, waliimba nini, nani alianza kupiga. Mwandike. Nkambo yule aliona mwezi kwa uangalifu kuliko wewe unayetazama telefone. Kisha umuonyeshe tonge la bukari na taa, labda atacheka yeye.

Tarehe za kuandika nyuma ya kalenda. Tarehe 2 mwezi wa 8, 2027, jua linafunikwa lote kaskazini ya Afrika, na kule Luxor, Misri, giza linapita dakika 6. Tarehe 25 mwezi wa 11, 2030, asubuhi, giza kamili linapita Namibia, Botswana, Afrika ya Kusini na Lesotho, na sisi tunapata kipande, kwa hiyo karton na sindano ziwe tayari. Giza kamili la jua ni jambo la nadra: mahali pamoja pa dunia panalingojea kwa wastani karibu miaka 375. Mwezi uliopatwa, kinyume chake, unaonekana na nusu ya dunia yote, wale walioko usiku.

Ile ya kuangalia sana kwetu ni tarehe 31 mwezi wa 12, 2028. Itakuwa siku ya Yenga tena, na ni usiku wa kuamkia Mwaka Mupya, wakati kanisa zinajaa. Lubumbashi mwezi utatoka karibu 18h35, Kolwezi dakika chache kisha, na utatoka tayari uko ndani ya kivuli. Watu hawatauona ukiliwa pole pole, wataona tu mwezi wa shaba unainuka nyuma ya nyumba. Mutafahamu wenyewe maneno gani yatapita mitaani usiku ule! Weupe utaanza kurudi karibu 19h28, na karibu 20h36 kivuli kitakuwa kimetoka chote. Ni wakati wa mvua, mawingu yanaweza kufunika. Kama hayakufunika, mutafute mahali pasipo muti wala ukuta upande wa mashariki, mufike mbele ya 18h30, na mutoto mumoja awe na kalamu, aandike rangi anayoiona kila dakika 10.